Goti Lisilokandwa

Mama yangu alikuwa na tiba moja kwa magonjwa yote: kukanda. Ukiteguka kifundo cha mguu, unakandwa. Shavu likivimba kwa jino, unakandwa. Ukirudi shuleni umenuna, unaitwa jikoni, unakalishwa kwenye kigoda, na kabla hujaeleza umenunia nini kitambaa cha moto kimeshatua mgongoni. Nadhani hata redio mbovu angeletewa, angeikanda.

Watu wa nchi za joto wakinisikia nasema hivi hucheka. Hawaijui baridi yetu. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Malindi, ile ya milima ya Lushoto, si ya pwani, juu kabisa, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi, na nguo ulizoanika zinakaa kwenye kamba mpaka unasahau kama ni zako. Huko kwetu kumpenda mtu ni kumpasha moto. Mgeni akifika hatafutiwi kiti, anasogezwa karibu na mafiga. Mzazi akijifungua, kuni zinaletwa kabla ya pongezi. Maji ya baridi yalikuwa ya kunywesha ng'ombe na kuoshea karoti.

Ndiyo maana nikikumbuka utoto wangu nakumbuka beseni. Lilikuwa la bluu, limebanduka rangi ukingoni, na ndani yake maji ya moto, chumvi na majani ya mkaratusi. Mama anachovya kitambaa, anakikamua, anakipunga hewani kidogo, halafu mikono yake inaanza kazi. Alikuwa na wimbo wake wa kukandia, wa Kishambaa, wenye maneno machache yanayojirudia, nusu kubembeleza nusu kulalamika. Majirani walikuwa wakija alfajiri na miguu yao. Wanasema "Onga maundo", salamu yetu ya asubuhi, mlangoni, na kabla hajaitikia mguu umeshaingia. Nilikuwa napenda kulala nikisikiliza wimbo ule ukitoka jikoni pamoja na moshi. Hata sasa nikinusa mkaratusi umelowa, namsikia akiimba.

Aliyekandwa kuliko wote alikuwa kaka yangu. Goti lake la kushoto lilikuwa likivimba bila sababu tuliyoijua. Jana kacheza, leo goti limejaa, ngozi inang'aa, haligusiki. Mama anamkanda asubuhi, anamkanda jioni, naye anauma kola ya shati ili asilie. Uvimbe unapungua polepole, unakaa kidogo, unarudi. Mwishowe goti likagoma kunyooka. Akawa anatembea kwa ncha ya mguu, akiegemea fimbo aliyoichonga mwenyewe, na kwa utani hapakuwa na mwenye miguu mizima aliyemshinda. Mimi alinibandika jina ambalo siliandiki hapa, maana wapo ambao wangelifufua.

Masika moja jino lake moja la utotoni liling'oka, na damu haikusimama. Walijaribu kila walichokijua. Aliondoka polepole, akiwa amechoka tu, kama mtu anayesinzia ibadani. Watu walisema mengi, kama kawaida ya watu. Ile fimbo Mama aliichomeka darini juu ya jiko, nayo ikawa nyeusi kwa moshi miaka na miaka. Mimi nilikuwa mdogo, na nilichobaki nacho ni utani wake kuliko goti lake.

Nikakua. Nikajifunza ushonaji mjini Lushoto, nikaolewa na mkulima wa karoti, mtu mpole kuliko ninavyostahili, tukajenga chini kidogo ya kwa Mama. Kutoka mlangoni kwangu nilikuwa namwona akienda kwenye kuni zake, naye kutoka kwake alikuwa ananisikia nikimfokea mume wangu. Nikajifungua mtoto wa kiume. Mama akambeba, akamtazama uso mzima, akasema, "Mgosi amefika." Kwetu mgosi ni mwanamume, bwana mkubwa, na tangu siku ile kwa bibi yake hakuwa na jina jingine.

Alipoanza kutambaa, madoa yakaanza. Magotini, viwikoni, mbavuni mahali ulipomshika kumnyanyua. Yanatoka zambarau, yanageuka kijani, yanamalizikia njano, kama tunda la plamsi linaloiva kinyumenyume. Mama mmoja wa kanisani kwetu akaniuliza mbele ya wenzake kama mtoto huyu tunamfinya. Nikamjibu, "Tunamfinya kwa zamu, leo zamu ya baba yake." Mume wangu akanivuta gauni. Lakini nilivyofika nyumbani nililia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumtazama kila aliyembeba.

Kisha akaanguka kizingitini, akachanika ndani ya mdomo, pale mdomo wa juu unapoungana na ufizi. Kidonda chenyewe hukioni. Lakini damu ilitoka mchana kutwa, ikaendelea kesho yake, nyepesi, haina haraka. Tukampeleka hospitali Lushoto, nao wakatupa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, huko tambarare. Huko tulimkuta daktari wa kike, kijana, aliyetuamkia shikamoo kabla ya kugusa mtoto. Walimpima damu, tukasubiri, tukaitwa.

"Mama," aliniambia, "damu ya mtoto wako haikimbii kuliko ya mwingine. Inachelewa kusimama."

Alitueleza kwa utaratibu, tena na tena, mpaka mume wangu akaweza kumrudishia maneno yake. Ugonjwa unaitwa hemofilia. Mwilini, mshipa ukipasuka, vitu vingi vilivyomo kwenye damu hupokezana kazi ya kuziba, kama watu waliopanga mstari wakipokezana matofali. Mmoja akikosekana, tofali linaishia hapo. Kwa mwanetu mmoja alikosekana. Hauambukizi, hautokani na kulogwa, hauishi. Lakini dawa ipo, ile ile inayokosekana, inachomwa kwenye mshipa, na mtoto akiiwahi anaishi na kukua. Akasema kinachotisha siyo mikwaruzo ya nje. Ni damu inayovuja ndani, hasa kichwani, na kwenye viungo. Goti likijaa damu mara kwa mara linaliwa ndani kwa ndani, mpaka siku moja linakataa kunyooka.

Halafu akaniuliza kama nina kaka.

"Nilikuwa naye," nikasema, na hapo akilini nikaiona ile fimbo darini. Daktari akaniambia kwamba mara nyingi ugonjwa huu hupita kwa mama na kumwangukia mtoto wa kiume. Mimi nikikasirika hutafuta wa kumkasirikia. Siku ile sikumpata, nikaikasirikia damu yangu mwenyewe, na nilikaa nayo hasira ile muda mrefu.

Tulirudi na masharti. Asipewe asprini. Asichomwe sindano ya kwenye misuli. Kutahiriwa kusubiri, kufanyike hospitalini dawa ikiwa tayari mezani. Akipigwa kichwa, msisubiri kitu, njooni. Kiungo kikivimba apumzike, mguu uinuliwe, afungwe bandeji, awekewe kitambaa cha maji ya baridi, na aletwe Lushoto mapema achomwe ile dawa waliyoahidi kututunzia kwenye jokofu. Na la mwisho daktari alilisema akinitazama mimi: "Msimkande. Msimpashe moto."

Nilitamani kumwambia aje alitamke hilo jikoni kwa Mama.

Hata hivyo tulianza. Mume wangu aliokota mawe yote ya uani na kufunga kona za meza kwa mpira wa tairi. Mimi nilichukua masweta ya mitumba yaliyochakaa, nikayakunja, nikayashonea ndani ya suruali za mtoto, magotini na matakoni. Akawa anatembea amevimba kila upande. Watoto wa jirani wakamwita Golikipa. Hakuchukia, alianza kujirusha kwenye nyasi kuonyesha kwamba anastahili cheo. Nimeitunza suruali moja mpaka leo. Kila nikiishika nacheka kwanza.

Mama nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Kwetu haya ina maana nyingi. Ile ilikuwa ya mtu anayekusindikiza ili uondoke.

Mtoto alipokuwa na miaka minne, siku ya gulio, nilimwacha kwa bibi yake nikapeleka sare za shule Lushoto. Niliporudi mchana, moshi wa kwa Mama ulikuwa mwingi kuliko wa kupikia. Nikaisikia harufu ya mkaratusi kabla sijafika mlangoni. Nikausikia wimbo.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu cha utotoni. Suruali imekunjwa juu, goti la kushoto limejaa, ngozi inang'aa, na mikono ya Mama iko juu yake ikishuka na kupanda. Mtoto alikuwa ameuma kola ya shati.

"Mama, acha!"

"Amejigonga kidogo. Ninalituliza."

"Mama, unalijaza damu. Nilikwambia asikandwe."

"Mikono hii imekanda kijiji kizima," alisema, hajainua uso. "Na wewe imekukanda. Nani alikufundisha kwamba moto unaua?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nimeshasema mimi ni wa hasira, na hasira yangu ina mdomo. Nikamwambia, "Mtazame vizuri, Mama. Ameuma kola. Umeshamwona mwingine akiuma kola hivyo."

Mikono yake ikasimama. Akaweka kitambaa ndani ya beseni, akainuka, akatoka nje. Nilimbeba mtoto mpaka kwangu, nikamfunga bandeji kama tulivyofundishwa, nikamwekea kitambaa kilicholowa maji ya baridi, na mume wangu akatafuta pikipiki ya kutupeleka Lushoto. Walichoma dawa. Baada ya siku kadhaa goti likanyooka, lakini daktari wa pale alituambia tulikuwa tumechelewa kidogo, na kwamba uvimbe wa namna ile goti haliusahau.

Mama akaacha kumgusa. Alikuwa anapita uani kwetu, anaitikia shikamoo ya mjukuu wake, na mikono imefichwa ndani ya kanga. Jikoni kwake hapakuwa tena na beseni. Waliokuja na miguu yao alfajiri aliwaambia waende zahanati. Kijiji kizima kilijua Mama hakandi tena, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mimi nilikuwa nayo ya kweli, na hayakunisaidia kitu. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, nami nilikuwa nimeligonga kovu lile kwa makusudi.

"Bibi ananiogopa?" mwanangu aliniuliza siku moja, nikipima kiuno chake kwa suruali mpya.

"Anaogopa goti lako."

"Mwambie haling'ati."

Tarehe ya kliniki ilipofika nilimwomba Mama atusindikize. Nilitegemea anikatalie. Alivaa gauni lake la ibada, akakaa pembeni ya yule daktari wa kike, mikono ndani ya kanga, na daktari akamwamkia na kumpa pole ya safari. Alimweleza kama alivyotueleza sisi, mstari wa watu, matofali, yote. Mama akasikiliza. Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema hata kwa mchungaji.

"Nilikuwa na mwanangu. Mguu wake ulipinda. Nilimkanda kila siku." Akamgeukia daktari. "Ni mimi niliyeupinda?"

Daktari aliweka kalamu chini, na mpaka leo namheshimu kwa jibu lake.

"Bibi, kilichoupinda ni damu iliyokuwa inavuja ndani. Moto ulizidisha, siwezi kukudanganya. Lakini dawa haikuwepo, na hakuna aliyekuwa amekwambia. Kama ningekuwa mama yake, bila kuambiwa, na mimi ningekanda."

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa njia. Hakulia. Tulipoanza kuupanda mlima wetu na baridi kutupokea, alivua kanga yake ya juu akamfunika mtoto mabegani, akaangalia asiguse chochote chini ya kiuno.

Mwezi wa saba ukaja, ule wenyewe. Asubuhi moja mtoto aliamka kifundo cha mguu kimejaa. Mume wangu alikwenda kutafuta usafiri wa Lushoto, mimi nikawa nainua mguu juu ya mto na kufunga bandeji. Mlango ukafunguka. Alikuwa Mama, ameshika mtungi mdogo wa udongo, umefungwa majani ya mgomba. Gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini.

Alikuwa ametoka chemchemini, kule bondeni chini ya mashamba, ambako hata sisi vijana asubuhi za namna ile tulikuwa hatuendi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anakwenda kila alfajiri tangu tuliporudi kutoka kliniki. Anajaza mtungi, anauweka nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha magugu, na kama siku imepita salama anaumwagia mchicha. Hakunieleza. Mtu aliyetuonya maisha yake yote tusikanyage umande alikuwa akitafuta maji ya baridi kuliko yote mlimani.

Akakaa kwenye kigoda. Akachovya kitambaa, akakikamua, akakipunga hewani kidogo kama zamani, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na mvuke wa kupunga. Akakilaza juu ya bandeji. Halafu akaweka mikono yake juu yake, wazi, bila kubonyeza, bila kusogea. Niliiona ikitaka kwenda. Mikono ile haikuwa imewahi kukaa juu ya mtu bila kazi. Akaanza ule wimbo wake. Aliuimba wote, mwendo ule ule, na mikono haikusogea.

Mwanangu alimtazama, akasema, "Bibi, una baridi kuliko maji."

"Tulia, mgosi."

"Mama, weka maji jikoni," mwanangu aliniambia.

Nikadhani anataka chai. Mtoto akasema beseni, lile la bluu. Nilipanda kwa Mama nikalikuta chini ya kitanda, nikalisugua vumbi, nikaweka maji ya moto na chumvi, na majani ya mkaratusi kwa sababu sikujua kulitengeneza beseni lile bila majani. Nikaliweka kwenye kigoda karibu na mto uliobeba mguu wake. Alimshika bibi yake mikono yote miwili, akaizamisha, akaanza kuikanda. Alikuwa na vidole vidogo, vyenye nguvu ya kuku. Alijua kila hatua: kuchovya, kukamua, kupunga hewani, kushuka toka kiwikoni mpaka kwenye kucha. Alikuwa ametazama sana kabla ya bibi yake kuacha.

"Nyoosha vidole," alimwamuru.

Mama akanyoosha. Hapo ndipo alipolia, kimya, uso ameugeuzia ukutani, na mimi nikatoka nje kujifanya nasikiliza kama pikipiki inakuja. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kiasi kile.

Ikawa desturi ya nyumba zetu mbili. Kiungo kikijaa, tunatengeneza safari ya dawa, na tukiingojea Mama analeta mtungi, anaweka kitambaa, anaweka mikono, anaimba. Kisha mjukuu anamkanda. Watu waliopita walidhani mgonjwa ni bibi. Maji ya chemchemi hayakuwa dawa, na Mama alilijua hilo kuliko wote. Alikuwa wa kwanza kutufokea tukichelewa kuondoka. Miaka ilivyosonga dawa ikawa inapatikana kwa utaratibu zaidi, mume wangu akafundishwa kuichoma, halafu mtoto mwenyewe. Masweta yakatoka kwenye suruali. Mtungi ukabaki pale nyuma, unajazwa kila alfajiri hata mwenye goti akiwa bweni, shule ya sekondari. Nilimuuliza Mama wa nini. Alisema mchicha umezoea.

Alituacha mwaka huu, baada ya Pasaka, usingizini, karibu na moto. Wanawake waliomwosha waliniita niwachagulie gauni. Nikalichagua lile la kliniki.

Kwetu mjukuu ndiye anayetangulia na msalaba. Njia ya kutoka kwake mpaka makaburini ni mteremko mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mume wangu alikuwa amemchoma mwanetu dawa asubuhi. Wazee walishauri msalaba ashike binamu yake, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Akanitangulia kusema.

"Nitashika mimi, Mama. Bibi ananijua ninavyoshuka."

Waombolezaji waliimba, vijana wakabeba jeneza, kila mtu akitazama miguu yake asije akaanguka. Mimi nilikuwa natazama ya mwingine. Alishuka mbele yetu sote, msalaba umesimama, hatua moja, halafu nyingine, na katika ule mteremko wote goti la kushoto lilikuwa likijikunja na kunyooka, likijikunja na kunyooka mpaka mwisho.